Shajara ya mradi: kilo za lumbesa ya viazi, Njombe

Februari, mwanzoni

Kikundi cha wakulima wa viazi mviringo hapa Njombe kimeniita kikiwa na swali moja: gunia la lumbesa linalotoka shambani kwao lina kilo ngapi kwa wastani? Bei wanapewa kwa gunia, si kwa kilo. Kwa maneno, gunia ni la kilo 100. Kwa macho, limeongezewa kichwa cha wavu, limeshindiliwa, limeshonwa kwa kamba na linasimama mpaka kifuani kwa mtu mzima. Sheria ya vipimo hairuhusu mazao ya shamba kufungashwa kwenye gunia la zaidi ya kilo 100, na Wakala wa Vipimo hawajaacha kulisemea hilo. Lumbesa bado zinapanda gari na kuteremka Makambako kuishika barabara kuu ya Dar.

Kila mtu ana namba yake. Mkulima anasema 130. Dalali anasema 105, akibanwa sana 110. Utingo wa fuso anasema muulize mgongo wake.

Shajara hii ni ya kuandika kila uamuzi kabla ya kupima. Tukishaona namba, asije mtu, nikiwemo mimi, akachagua kiwango cha uhakika kinachompendeza.

Katibu alianza kwa kuniuliza yapimwe magunia mangapi. Nikamrudishia: jibu likipatikana mtalifanyia nini? Kumbe wanataka kuingia kwenye mazungumzo na wanunuzi wakiwa na hoja mbili mkononi: ama mizani ije shambani, ama bei ya gunia ipande kulingana na kilo halisi. Hapo tukaweza kuzungumza habari ya kosa tunaloweza kulivumilia. Tukichukulia bei ya shilingi 600 kwa kilo, kosa la kilo 3 ni shilingi 1,800 kwa gunia. Hoja ya mkulima haitikisiki. Kosa la kilo 10 ni shilingi 6,000, na dalali mjanja atakaa papo hapo mpaka kikao kivunjike.

Tumekubaliana kilo 3, juu au chini.

Katibu alitaka kilo 1. Nikamwandikia kanuni ubaoni:

idadi ya magunia = (z × mkengeuko sanifu ÷ kosa)²

Mkengeuko sanifu ni kipimo cha jinsi uzito wa magunia unavyotawanyika kutoka kwenye wastani, na z ni namba ya jedwali inayoendana na kiwango cha uhakika. Tukichukua mkengeuko wa kilo 14 (unatoka wapi, nitaeleza kwenye majaribio) na kiwango cha asilimia 95, ambacho z yake ni 1.96, kosa la kilo 5 linahitaji magunia 31. Kilo 3 inahitaji 84. Kilo 1 inahitaji 753. Kosa liko chini ya mstari na lote linapandishwa kipeo cha pili, kwa hiyo ukitaka usahihi mara tatu unalipa mara tisa. Katibu alikuna kichwa, akauliza nani atayabeba magunia 753 mpaka kwenye mizani. Kilo 3 ikapita bila kura.

Februari, kikao cha pili

Kikao cha leo kilikuwa cha kiwango cha uhakika peke yake, na kilikuwa kirefu.

Katibu: "Weka 99, wasipate pa kutushikia." Mama mwenyekiti: "Mwanangu, kwanza niambie, hiyo tano inayobaki ukisema 95 ni ya nini?"

Nilimjibu hivi. Tuchukulie kazi hii yote inarudiwa mara mia, kila mara kwa magunia mapya, na kila mara tunatoa wastani pamoja na mipaka yake miwili, wa chini na wa juu. Kwa kiwango cha 95, mara 95 hivi mipaka hiyo itaufungia wastani wa kweli katikati. Mara tano hivi itaukosa. Sisi tutafanya mara moja tu.

"Na tukiangukia kwenye hizo tano, nani atatuambia?"

"Hakuna, mama."

"Haya. Andika 95, ila usije ukawaambia watu ni hakika."

Nimesoma maelezo mengi ya jambo hili na machache yananyooka kama hayo ya mama. Mtakwimu Jerzy Neyman, aliyeipanga mantiki hii kwenye makala yake ya mwaka 1937, alisisitiza hilo hilo: asilimia ni sifa ya njia inayotumika. Mipaka ikishatoka, ama imeunasa wastani ama haikuunasa.

Katibu hakuridhika, basi nikamwekea bei ya kila kiwango. Kwa kosa la kilo 3 na mkengeuko wa 14, asilimia 90 inataka magunia 59, asilimia 95 inataka 84, asilimia 99 inataka 145. Ukiigeuza hesabu, yaani magunia yabaki 84 yale yale, mipaka inakuwa kilo 2.5 kila upande kwa 90, kilo 3 kwa 95, na karibu kilo 3.9 kwa 99. Anayekuahidi 99 bila kuongeza magunia amekupanulia mipaka tu, na mnunuzi anayejua hesabu ataliona hilo kabla chai haijapoa.

Kwa maoni yangu 99 ni ya mahali ambapo kukosea kunaua au kunafilisi. Hapa tukikosea, kikao cha bei kinaharibika na tunarudi msimu ujao. Asilimia 90 ingenitosha mimi binafsi. Ila wanunuzi watauliza kwa nini si 95, maana ndiyo waliyozoea kuiona kwenye ripoti, na sitaki nusu ya kikao iishie kwenye swali hilo.

Kuna jambo jingine nimelileta mwenyewe. Wakulima hawahitaji kujua lumbesa haizidi kilo ngapi. Wanahitaji kusema haipungui kilo ngapi. Ni mpaka mmoja, wa chini. Mpaka wa upande mmoja wa asilimia 95 unatumia 1.645, ile ile ya mipaka miwili ya asilimia 90, kwa hiyo kwa magunia yale yale unaweza kusimama karibu zaidi na wastani wako. Kwa madai ya namna hii ni halali kabisa, mradi uamue mapema. Ukingoja kuona namba ndipo uchague upande mmoja, unajipunja mwenyewe.

Uamuzi umeandikwa na kusainiwa: tutatangaza mipaka miwili ya asilimia 95, na chini yake sentensi moja ya "haipungui" kwa asilimia 95 ya upande mmoja. Hakuna kubadilisha.

Februari, majaribio

Kanuni inadai mkengeuko sanifu kabla hujapima, na mkengeuko haupatikani bila kupima. Ndiyo maana ya majaribio madogo. Prasanta Chandra Mahalanobis, mtakwimu wa India, alipokuwa akikadiria mashamba ya jute (zao la nyuzi za magunia) huko Bengal kuanzia miaka ya 1930, ni mmoja wa waliowazoesha watu kuanza hivyo.

Kabla ya mizani niliwauliza wapakiaji: gunia jepesi kabisa mliloshona, na zito kabisa? Majibu yalikutana kwenye kilo 90 na 150. Gawanya tofauti hiyo kwa nne, unapata 15. Ni njia ya mkato, lakini inakulinda usije na namba ya ajabu.

Mizani yetu ni ya kuning'iniza, ya kidijitali, ina stika ya uhakiki. Tumeitundika kwenye miti mitatu ya mlingoti iliyofungwa juu. Gunia linaingizwa kamba, wanaume wawili wanavuta, namba zinacheza: 121.4, 121.9, 121.5. Tunangoja zitulie. Gunia likigusa nyasi upande mmoja tu, namba inashuka na hutajua. Kijana mmoja kazi yake ni kulala kifudifudi na kuangalia kama kuna mwanga chini ya gunia. Watu wanamcheka, lakini kwangu ndiye mtu muhimu kuliko wote hapo, kwa sababu mizani ikipunguza kilo 2 kila mara, hata upime magunia elfu, kilo 2 hizo zitabaki pale pale. Sampuli kubwa hupunguza kosa la bahati. Kosa la mizani hailigusi.

Nilikaa nimtazame mpakiaji mmoja akifanya kazi. Viazi vikubwa anavipanga kwenye mdomo wa gunia kwa mduara, kama ukuta. Katikati anamwaga vidogo. Analitikisa gunia, anaweka goti, anabana, anaongeza ndoo nyingine, ndipo anashona wavu juu. Jirani yake wa genge jingine hapangi ukuta. Anamwaga, anatikisa, anashona. Kwa macho magunia yale mawili yalikuwa ndugu. Kwenye mizani hayakuwa.

Majaribio yalitoa mkengeuko wa kilo 12 hivi. Njia ya mkato ilitoa 15. Nimechukua 14. Majaribio madogo huweza kuupunja mkengeuko, na gharama ya kupunjwa inakuja baadaye, ukiwa shambani: kwa 12 ningehitaji magunia 62, kwa 14 ni 84. Bora nilipe mapema.

Machi, mwanzoni: magenge

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo vikokotoo vingi vya kwenye simu vinapokuacha.

Hesabu ya 84 inachukulia kila gunia linajitegemea. Hayajitegemei. Wapakiaji wanatembea kwa magenge, na kila genge lina mkono wake. Ndani ya genge moja magunia yanafanana. Ukihamia jingine, yote yamepanda au yameshuka kwa pamoja. Kwenye majaribio, kiwango cha kufanana ndani ya genge kilikuwa kama 0.4, yaani sehemu nne katika kumi za tofauti zote zinatokana na nani amepakia.

Idadi ya magunia inabidi izidishwe kwa 1 + (m − 1) × 0.4, ambapo m ni magunia unayopima kwa kila genge. Ukipima 10 kwa kila genge, 84 inageuka 387, katika magenge 39. Ukipima 4, inakuwa kama 185, katika magenge 47. Ukipima 3, ni 152, katika magenge 51. Soma hizo namba kinyumenyume: kutoka gunia 3 kwenda 10 kwa kila genge umeongeza mzigo wa mizani zaidi ya mara mbili, na umepunguza magenge 12 tu. Hata ungepima kila gunia lililowahi kushonwa na genge, bado ungetaka magenge 34. Gunia la kumi la mkono ule ule halina habari mpya ya kukupa.

Kwa hiyo mtu akiniambia amepima magunia 300, siku hizi namuuliza yameshonwa na watu wangapi.

Kuna kanuni nzuri ya kuchagua m kwa gharama. Kama kulifikia genge kunagharimu sawa na kupima magunia 10, basi m bora ni kipeuo cha pili cha 10 × (0.6 ÷ 0.4), yaani kipeuo cha pili cha 15, karibu 4. Nikaandika mpango: magunia 4, magenge 47.

Nikaupeleka kwa mama mwenyekiti. Akausoma, akaniangalia juu ya miwani. "Mwanangu, magenge 47 utayatoa wapi? Huku yanakuja 16. Nayajua kwa majina ya wasimamizi wao."

Machi, siku chache baadaye

Magenge ni 16. Hilo linabadilisha mpango wote, na linaubadilisha kwa uzuri.

Ukichagua magenge machache kati ya mengi, tofauti ya genge na genge inaingia kwenye kosa lako, kwa sababu hujui umeangukia yapi. Ukiyafikia yote, hakuna bahati tena katika kuyachagua. Tofauti ya mikono bado ipo, ila sasa unaipima moja kwa moja badala ya kuikisia. Kosa linalobaki ni la ndani ya genge tu: sehemu 0.6 ya tofauti zote. Magunia 84 yanashuka kuwa 51.

Masharti ni mawili. La kwanza, jibu litahusu magenge haya na msimu huu. Mwakani wakija wengine, linapimwa upya. Kikundi kimekubali, maana mazungumzo ya bei ni ya msimu huu. La pili, lazima tujue kila genge linashona sehemu gani ya magunia yote. Genge linalopakia fuso tano kwa wiki haliwezi kuhesabiwa sawa na linalopakia moja. Hilo tutalipata kwenye daftari la kikundi, kwa kulilinganisha na stakabadhi za ushuru wa mazao.

Magunia ya shamba moja nayo yanafanana kidogo, kwa aina ya kiazi na udongo ulioganda. Nimekisia 0.1. Kwa magunia 2 kila kituo, yaani kila shamba tunakolikuta genge likipakia, 51 inapanda hadi 56. Kila genge litafikiwa kwenye vituo angalau viwili, kwa sababu kituo kimoja hakikuonyeshi mtawanyiko wowote. Magenge matano makubwa yatafikiwa vituo vitatu. Jumla ni vituo 37, magunia 74.

Kwa idadi hii 1.96 haitoshi tena. Vituo 37 ukitoa magenge 16 inabaki 21, na t, namba ya jedwali inayoshika nafasi ya z sampuli ikiwa ndogo, kwa asilimia 95 na 21 hiyo ni 2.080. Jedwali hilo chanzo chake ni William Sealy Gosset, mtu wa kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin, aliyechapisha mwaka 1908 kwa jina la Student kwa kuwa kampuni haikuruhusu wafanyakazi watumie majina yao. Shida yake ilikuwa hii hii ya sampuli ndogo. Ukiingiza 2.080, mahitaji yanafika karibu 63. Tunazo 74. Ziada ni ya vituo vitakavyoharibika, na ya magenge makubwa yanayovuta mizani upande wao.

Katibu aliuliza mbona magunia 74 yawasemee maelfu ya msimu mzima. Nilimwonyesha kwa ile 84 ya mwanzo: kama magunia yote ni 20,000, marekebisho ya wingi yanaiacha 84 ile ile. Yangekuwa 500, ingeshuka hadi 72 hivi. Wingi wa magunia yote unaanza kuwa na neno pale tu unapopima sehemu kubwa yake.

Machi, shambani

Kanuni za uwanjani, kama tulivyozikubali:

Tunapima gunia likishashonwa na kabla halijapanda gari. Mpakiaji akiona mizani wakati anajaza, mkono wake unakuwa mwepesi ghafla.

Gunia la kupima halichaguliwi kwa macho, wala si lile lililo karibu na njia. Tunayahesabu yote yaliyopangwa. Yakiwa 46, nusu yake ni 23. Tunachukua noti yoyote mfukoni, tunasoma tarakimu mbili za mwisho za namba yake mpaka tupate kati ya 01 na 23. Ikisomeka 08, tunapima la 8 na la 31. Wapakiaji wameupenda mchezo wa noti. Wanaleta zao, jambo ambalo sina pingamizi nalo, ilimradi namba inasomwa kabla hatujaanza kuhesabu kulifikia gunia la kupima.

Kituo kikikataa, tunarudi siku nyingine kwa genge lile lile. Hatulibadilishi kwa genge lenye tabasamu. Anayekataa kupimwa ana sababu zake, na huenda sababu hizo zina kilo ndani yake. Genge likikataa kabisa, ripoti itasema wazi inahusu 15.

Hakuna kukokotoa wastani njiani. Katibu ameniomba mara kwa mara, "hata wa juu juu tu." Sina. Nimeacha namba kwenye karatasi, hazijaingia kwenye kompyuta. Ukichungulia kila jioni na kusimama siku mipaka inapokupendeza, ile 95 uliyoandika mwezi uliopita si 95 tena.

Machi, mwishoni

Vituo vingi vimekamilika. Genge moja lilikataa mwanzoni, likakubali baada ya msimamizi wao kuja kuipima mizani yetu kwa mfuko wa saruji wa kilo 50 aliokuja nao mwenyewe. Ilisoma 50.2. Akaridhika, nami pia nikalala vizuri zaidi.

Wastani wenyewe sitauweka hapa kabla kikundi hakijakaa na wanunuzi. Ni namba yao. Vimebaki vituo vya magenge mawili yanayopakia usiku, na daftari la magunia la nusu ya pili ya mwezi. Nikilipata, wastani wa kila genge utazidishwa kwa sehemu yake ya magunia, na ripoti itakuwa ukurasa mmoja: wastani, mipaka miwili, sentensi ya "haipungui", na orodha ya magenge pamoja na idadi ya vituo vya kila moja. Majina ya wasimamizi mama ameniambia niyatoe.